Kabla Hujanunua Dawa ya Nywele

Barua zilizofika katika ukurasa huu juu ya nywele ni za aina tatu. Waume huuliza dawa ya upara unaoanzia kwenye paji la uso au utosini. Akina mama, na hasa askari polisi wa kike, huuliza dawa ya nywele za pembeni, juu ya masikio, ambazo zimepungua hata msuko hauna pa kushika. Wazazi nao huuliza juu ya watoto wenye mabaka kichwani. Kinachonishangaza ni kwamba karibu wote wamekwisha kutumia chupa ya namna moja, ile inayouzwa kituo cha basi, langoni mwa soko, na siku za mshahara hata karibu na lango la kambi. Muuzaji huahidi nywele mpya kwa siku saba, na chupa yenyewe haina jina la kiwanda wala maelezo ya kilichomo.

Biashara hii ni ya kale mno. Katika maandishi ya tiba ya Misri yaitwayo Ebers, yaliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwenye upara aliagizwa ajipake mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa milimani. Walau Wamisri wale walijua kilichomo ndani ya chupa yao.

Siku hizi dawa za kweli zipo, na katika miaka michache iliyopita zimeongezeka. Lakini kila moja hutibu namna yake ya upotevu wa nywele, na isiyokuwa ya ugonjwa wako haikusaidii hata ikiwa ya bei kubwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumpelekea daktari ni nywele zangu zinaondoka kwa sababu gani. Swali la dawa hufuata baadaye. Familia inayoishi kwa mshahara wa konstebo yaweza kupoteza fedha za ada ya shule kwa kuyapindua maswali haya mawili.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele huota ndani ya kifuko kidogo kilichozama katika ngozi, na vifuko hivyo hufanya kazi kwa zamu kama walinzi. Kimoja huotesha unywele kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kwa miezi ipatayo 3, kisha huuangusha na kuanza mwingine. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Urefu huongezeka kwa yapata sentimita 1 kwa mwezi, na kwa hesabu hiyo unywele ulioanza kuota leo hauwezi kufika hata milimita 3 baada ya siku saba. Mwambie hesabu hiyo muuzaji wa chupa.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili. Kifuko chaweza kulala au kudhoofika, na hicho chaweza kuamshwa. Chaweza pia kufa na mahali pake kujaa kovu, na hapo hakuna mafuta, kidonge wala sindano inayoweza kukirudisha. Ngozi yenye kovu huwa laini, yenye kung'aa, nawe huoni tena vitundu vya nywele. Mgonjwa aliyeanza kuona hali hiyo asingoje likizo ya mwisho wa mwaka ndipo aende hospitali.

Nianze na waume, kwa kuwa ndio wanaoulizia vidonge zaidi. Upara wao aghalabu ni wa kurithi, kutoka upande wa baba au wa mama au pande zote mbili. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara huu, lakini baadhi yao walipopewa homoni ya kiume nywele zao zikaanza kuondoka. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za watoto wa kiume katika Jamhuri ya Dominika ambao miili yao haikuweza kuigeuza homoni ya kiume iitwayo testosteroni kuwa homoni nyingine iliyo kali zaidi. Walipokuwa watu wazima, hawakupata upara. Kutokana na maarifa hayo kikatengenezwa kidonge kiitwacho finasteraidi, ambacho huzuia mgeuko huo. Kilikubaliwa Marekani mwaka 1992 kwa uvimbe wa tezi dume, na mwaka 1997, kwa kipimo kidogo cha miligramu 1, kwa upara wa wanaume.

Dawa ya pili, minoksidili, ilipatikana kwa bahati. Ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu, kilichokubaliwa mwaka 1979, na waliokimeza wakaota nywele hata pasipotakiwa. Ikatengenezwa ya maji ya kupaka, ikakubaliwa Marekani kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake mwaka 1991. Anayeipaka ajue mambo matatu. Majuma ya kwanza nywele huweza kuanguka zaidi, na wengi hapo huitupa chupa wakidhani imewadhuru. Faida haionekani kabla ya miezi 4 hadi 6. Na akiacha, nywele zilizorudi huondoka tena katika miezi michache. Finasteraidi nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo hesabu gharama ya mwaka mzima na ya miaka inayofuata, wala usihesabu bei ya chupa moja. (Na mwenye paka nyumbani afiche dawa hii, akanawe mikono. Minoksidili ni sumu kwa paka hata akilamba kidogo tu.)

Siku hizi madaktari wengi wameirudisha minoksidili kuwa kidonge, kwa kipimo kidogo sana, na wagonjwa hupenda kwa sababu hakuna upakaji wa kila siku. Je, kidonge kinashinda maji? Watafiti wa Brazili waliwagawa wanaume 90, wengine wakameza miligramu 5, wengine wakapaka, na matokeo yakatangazwa mwaka 2024. Baada ya majuma 24 kidonge hakikuonekana kushinda, na karibu nusu ya waliokimeza waliota nywele sehemu nyingine za mwili. Hivyo atakayechagua kidonge achague kwa urahisi wake, tena kwa idhini ya daktari aliyempima moyo na shinikizo la damu. Askari anayekimbia na mzigo mgongoni kila asubuhi asikimeze kwa shauri la rafiki wa bweni.

Mjadala mkali zaidi wa wagonjwa ni juu ya finasteraidi. Katika majaribio ya awali, asilimia 3.8 ya waliomeza walipata upungufu wa nguvu za kiume au wa hamu, na kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa ilikuwa asilimia 2.1. Tofauti hiyo ni ndogo, na madaktari wengi huwaambia wagonjwa hivyo. Lakini wapo wanaume wanaosema kwamba waliacha dawa na hali haikurudi kama zamani, na nchini Marekani mwaka 2012 ikaundwa taasisi ya kuhimiza utafiti juu ya malalamiko yao. Mwaka huo huo idara ya dawa ya Marekani iliagiza maelezo ya dawa yataje kwamba madhara hayo huweza kuendelea baada ya kuacha. Mei 2025 kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni moja ya madhara ya vidonge hivi, ingawa haikuweza kusema hutokea kwa watu wangapi.

Wagonjwa wengine hujibu kwamba wamemeza kwa miaka mingi bila shida, na kwamba maneno haya yanawatisha watu bure. Mimi naona pande zote mbili zinasema kweli juu ya miili yao. Lakini upara wa kurithi hauui mtu, wala hauumi, wala haumzuii askari kulenga shabaha. Basi anayetaka kumeza na ameze akijua, na mkewe ajue pia. Akiona moyo wake unazama, usingizi unakimbia, au mawazo ya kujidhuru yanamjia, aache kidonge na amwambie daktari na mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa watu ambao kazi yao huwapa silaha, jambo hili si la kufichwa kwa kuona aibu. Mwanamke mwenye mimba asiguse vidonge vilivyovunjika, maana dawa yaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Mwenye kumeza asitoe damu kwa ajili ya wagonjwa mpaka upite angalau mwezi mmoja tangu kidonge cha mwisho. Na mzee anayepimwa tezi dume amwambie daktari kwamba anameza, kwa kuwa dawa hii hushusha kipimo cha damu kwa karibu nusu na kuweza kuuficha ugonjwa.

Sasa nakuja kwenye nywele za pembeni, ambako nataka kukaa zaidi, maana ndiko majumbani mwetu kwenye hasara kubwa, na ndiko ambako dawa nyingi hununuliwa bila kuhitajika.

Upotevu huu hutokana na kuvutwa. Ulielezwa kwa mara ya kwanza na daktari mwaka 1907, mbali sana na huku kwetu, kwa wanawake wa Greenland waliofunga nywele zao juu kwa kuzikaza mno. Nywele zao za mbele na pembeni zilikuwa zimeondoka. Watu wale hawakuwa na nywele za kipilipili, wala dawa ya kulainisha, wala nywele za bandia. Walikuwa na mvuto tu, kila siku, kwa miaka.

Utafiti ulio karibu nasi zaidi ulifanywa Cape Town, na Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake, ukatangazwa mwaka 2007 na 2008. Karibu theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa walikuwa na dalili za upotevu huu, na ulionekana hata kwa wasichana wa shule. Kwa wanaume ulikuwa nadra. Hatari kubwa zaidi ilikuwa pale msuko au nywele za kuunganisha zilipofungwa juu ya nywele zilizokwisha kulainishwa kwa dawa, kwa sababu unywele uliodhoofishwa na dawa huongezewa uzito na mvuto. Maumivu wakati wa kusukwa nayo yalikwenda pamoja na ugonjwa. Vipele vidogo kwenye mizizi ya msuko siku ya pili ni ishara hiyo hiyo.

Nilipokuwa nikifundisha shule ya msingi niliwaona wasichana wa siku ya Jumatatu. Macho yamevutwa juu, hawawezi kuinamia daftari, na ukimgusa mmoja kichwani hulia. Mama zao walikuwa wamelipa fedha nzuri Jumapili ili msuko udumu majuma manne. Msusi naye hukaza kwa sababu msuko ukilegea mapema atalaumiwa. Sioni sababu ya kumlaumu mmoja wao peke yake, lakini mtoto anayesema anaumia anasema kweli, na msuko wake ufumuliwe jioni hiyo hiyo, hata kama fedha imekwisha kulipwa.

Askari wa kike wana shida yao ya pekee. Kofia au bereti haikai juu ya nywele nyingi zilizolegea, kwa hiyo wengi huzivuta nyuma, huzipaka mafuta mazito ya kugandisha, na kuzifunga fundo moja kisogoni kuanzia alfajiri mpaka usiku. Januari 2021 Jeshi la Anga la Marekani lilitangaza kwamba kuanzia Februari mwaka huo askari wake wa kike wangeruhusiwa kusuka na kuachia mkia wa nywele mgongoni kwa kiasi kilichowekwa. Lilieleza waziwazi kuwa kanuni ya zamani ilikuwa imewaletea askari kuharibika kwa nywele, maumivu makali ya kichwa na kwa wengine kupoteza nywele. Jeshi la Nchi Kavu la huko nalo lilitangaza mabadiliko mwezi huo huo. Siandiki haya kumfundisha kamanda yeyote kazi yake. Naandika ili askari anayekwenda kwa daktari wa kambi asidhani kwamba shida yake ni ya urembo tu. Majeshi makubwa yameihesabu kuwa suala la afya kazini.

Habari njema ni kwamba upotevu wa kuvutwa, ukikamatwa mapema, hauhitaji dawa yoyote. Legeza, nawe utaona nywele fupi laini zikirudi pembeni katika miezi michache. Suka misuko minene badala ya myembamba, mwambie msusi aache nywele za ukingoni nje ya msuko, usiunganishe nywele nzito za bandia, usisuke juu ya nywele zilizolainishwa juma lile lile, na kati ya msuko mmoja na mwingine upumzishe kichwa. Kwa anayevaa sare, nywele fupi za asili au mistari mipana iliyolala, isiyovutwa, huingia vizuri chini ya kofia. Daktari aweza kuongeza minoksidili ya kupaka ikiwa vifuko vingali hai. Akiendelea kuvuta kwa miaka kumi, kovu litaingia, na hapo mama atakuwa ananunua chupa za kumpaka marehemu.

Kuna namna nyingine inayofanana na hiyo lakini ianzayo utosini na kupanuka kama duara. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, wengi wao wenye umri wa makamo, nayo huleta kovu. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliipa jina la kitana cha moto, wakiamini kwamba chanzo ni kunyosha nywele kwa chuma kilichotiwa motoni. Kwa miaka mingi mgonjwa akifika hospitali aliulizwa amejifanyia nini. Mwaka 2019 watafiti, miongoni mwao Profesa Ncoza Dlova wa Durban na Eli Sprecher wa Tel Aviv, walitangaza kwamba katika wagonjwa 58 waliochunguzwa, 14 walikuwa na kasoro katika jeni iitwayo PADI3, ambayo husaidia kuujenga unywele. Kwa hiyo kwa baadhi yao ugonjwa upo katika ukoo, na namna ya kutengeneza nywele huenda huuchochea tu. Faida ya maarifa haya ni kwamba mama mwenye ugonjwa huu awaambie binti zake na dada zake wachunguzwe utosi kabla hapajakuwa na kitu. Mwaka 2024 Crystal Aguh na wenzake wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, walieleza kwamba metformini, kidonge cha kisukari kinachojulikana sana, kiliwasaidia baadhi ya wagonjwa wa namna hii waliokuwa hawajapata nafuu kwa dawa nyingine. Wagonjwa wenyewe walikuwa 12 tu. Hivyo anayemhudumia jamaa mwenye kisukari asianze kugawana naye vidonge.

Namna ya tatu ni mabaka ya mviringo yanayotokea ghafula, ngozi ikiwa safi, bila magamba wala kuwasha. Hapa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huvishambulia vifuko vya nywele. Haviui, na ndiyo maana nywele huweza kurudi hata baada ya muda mrefu. Huu si uchawi, wala hauambukizi kwa kuvaa kofia ya mwenzio. Mwenye baka moja au mawili asikate tamaa, maana mara nyingi nywele hurudi zenyewe ndani ya mwaka mmoja, na sindano za steroidi ndani ya baka huweza kuharakisha. Wachache hupoteza nywele zote za kichwa, nyusi na kope, na hao ndio waliokuwa hawana tiba ya kutegemewa.

Juni 2022 Marekani ilikubali kidonge kiitwacho barisitinibu kwa watu wazima wa hali hiyo kali. Kilikuwa kikitumika kwa ugonjwa wa viungo, na kazi yake ni kukata ujumbe unaoiamuru kinga ya mwili ishambulie. Katika majaribio mawili yenye wagonjwa 1,200, baada ya majuma 36, kati ya waliomeza miligramu 4 kwa siku, asilimia 38.8 katika jaribio la kwanza na 35.9 katika la pili walikuwa wamefunikwa na nywele walau asilimia 80 ya kichwa. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ilikuwa asilimia 6.2 na 3.3. Juni 2023 kikafuata ritlesitinibu, kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea.

Katika ugonjwa ambao zamani haukuwa na dawa, hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini ona pia kwamba zaidi ya nusu hawakufikia kiwango hicho, na wengi wanaoacha kidonge hurudiwa na ugonjwa. Tena dawa hizi huipunguza nguvu kinga ya mwili. Kabla ya kuanza ni lazima mgonjwa apimwe kifua kikuu, maana kile kilicholala mwilini chaweza kuamka. Kwa sisi tunaoishi mabwenini na katika nyumba za kambi zilizobanana, ambako kifua kikuu si habari ya vitabuni, onyo hilo ni zito kuliko kwa msomaji wa Ulaya. Mtu akikuletea vidonge hivi kutoka ng'ambo ndani ya mfuko wa safari, bila vipimo, usivipokee.

Wagonjwa wenyewe hawako mahali pamoja. Uingereza, taasisi inayoamua dawa zipi zilipiwe na serikali ilikataa barisitinibu mwaka 2023 kwa sababu ya gharama ikilinganishwa na faida, na mwaka 2024 ikakubali ritlesitinibu. Wapo waliosema fedha hizo zingetibu saratani. Wapo waliojibu kwamba kijana wa miaka 14 asiyekuwa na hata kope, anayeacha shule kwa kuchekwa, naye ni mgonjwa. Ayanna Pressley, mbunge wa Marekani aliyejulikana kwa misuko yake, alijitokeza Januari 2020 akiwa hana unywele hata mmoja, akaeleza ugonjwa wake, akaendelea na kazi ya bunge. Baada yake wanawake wengi walivua nywele za bandia hadharani. Wengine waliomba wasiamriwe kuwa mashujaa, wao wanataka nywele zao tu. Mimi nawaelewa hao wa mwisho.

Juu ya watoto nitasema kwa ufupi, kwani dawa yake inajulikana. Mtoto mwenye baka lenye magamba, linalowasha, na nywele zilizokatika karibu na ngozi, aghalabu ana mapunye. Hiki ni kimelea cha ukungu, nacho huingia ndani ya unywele ambako mafuta ya kupaka hayafiki. Huhitaji dawa ya kumeza, griseofulvini au terbinafini, kwa muda wote aliouagiza daktari, hata baka likionekana kupona mapema. Wachunguze ndugu zake wote, chemsha vitana, na umtake kinyozi asafishe mashine yake kabla hajamgusa mtoto. Likitokea uvimbe wenye usaha usilikamue, mpeleke hospitali upesi, maana hilo huacha kovu.

Waume wenye vipele vigumu kisogoni, ambavyo wengi huvipata kwa kunyolewa chini kabisa kila juma, wamwambie kinyozi aache milimita chache na wasivikune. Navyo pia huua vifuko.

Mama aliyejifungua miezi miwili hadi minne iliyopita, au mtu aliyetoka katika homa kali, upasuaji au njaa ya muda mrefu, akiona nywele zinajaa kwenye kitana, asiogope. Vifuko vingi viliingia mapumzikoni kwa pamoja wakati wa msukosuko ule. Aghalabu nywele hurudi ndani ya mwaka. Zikiendelea kupukutika, apimwe damu, tezi ya shingo na magonjwa ya zinaa, kwa kuwa kaswende nayo hunyonyoa nywele.

Utakapokwenda zahanati, fumua msuko kwanza, osha kichwa bila kupaka mafuta, na uchukue vidonge vyote na chupa zote ulizokwisha kutumia, ile ya kituo cha basi ikiwamo. Piga picha ya mahali palipoathirika siku ya kwanza, mchana, mahali pamoja penye mwanga, kisha kila baada ya miezi mitatu. Kioo cha kila asubuhi hakitakuonyesha tofauti yoyote.